Safari ya Kumtia Onesmo Majini

Siku ile kijitoni Kagerankanda tulikuwepo hawa: mimi Veronika, ambaye nyumbani naitwa Dada tu, mdogo wangu wa mwisho, Skolastika, tunayemwita Skola, ndugu yetu wa katikati, Onesmo, aliyekuwa amevaa joho jeupe la ubatizo lililomwishia juu ya magoti, Mchungaji Mwaisaka, mtu wa Rungwe, Mzee Bigirimana, ambaye kwa kawaida ana ng'ombe wengi kuliko maneno, Mama Zawadi, Mkongomani muuza vitenge, na Nesi Mwanaidi, Muislamu wa Tanga, ambaye alikuwa anapita tu. Wengine walikuwa waumini wa pale, na majina yao siyajui yote.

Nimewataja mapema kwa sababu tangu turudi Kumsenga, kila anayesimulia habari hii anaongeza watu. Juzi kisimani nimeambiwa kwamba mkuu wa wilaya naye alikuwepo. Hakuwepo. Mlioniuliza, haya ndiyo yaliyotokea.

Kwa nini tulikwenda

Wazazi wetu walifariki mwaka mmoja. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mahindi hayajakauka shambani. Mimi nilikuwa darasa la sita, na darasa hilo ndilo nililobaki nalo mpaka leo. Nililima vibarua, nikapika pombe mpaka nilipookoka nikaacha, nikauza muhogo. Skola alikua mgongoni kwangu. Onesmo alisoma mpaka kidato cha nne, kisha akaenda Kagerankanda kulima maharage, kwa kuwa huko ardhi ni pana.

Mwanzoni alikuja nyumbani kila Krismasi. Baadaye akaacha. Krismasi tatu zilipita bila kumwona. Nikimpigia simu ananijibu vizuri, ananiuliza mvua, ananiuliza mbuzi, lakini nikisema "njoo" anasema "nitakuja nikijipanga." Miaka mitatu mtu anajipanga. Nilianza kuogopa kwamba nimempoteza huku yuko hai.

Basi mwaka 2014, wiki moja kabla ya Pasaka, Mchungaji Mwaisaka akanipigia. Hatukuwa tumewahi kuonana.

"Dada Veronika," akasema, "mdogo wako amemaliza mafundisho ya ubatizo mara tatu. Anayajua kuliko mimi. Lakini kila ikifika siku ya maji, anajificha shambani."

"Anaogopa maji?"

"Angekuwa anaogopa maji ningeshamsukuma. Anasema hivi: Yesu alimfia, hilo anakubali. Lakini kabla ya Yesu kuna wewe. Wewe ulimwachia shule yako na ujana wako, na hata jembe hajawahi kukununulia. Anasema hawezi kupokea deni la pili wakati la kwanza hajaligusa. Nimemweleza mpaka sauti imekauka. Na mimi baada ya Pasaka nahamishwa."

Kusema kweli niliona vibaya kuwekwa foleni moja na Yesu, tena mbele yake.

"Mwambie asijifiche," nikasema. "Nakuja."

Kumsenga hadi Kibondo

Huwezi kwenda kwa mdogo wako wakati wa Pasaka mikono mitupu. Nilikuwa na jogoo mmoja mkubwa, mweupe mwili mzima, nikasema huyo atakuwa mchuzi. Skola alimfunga miguu kwa kipande cha kitambaa chekundu kilichokatika kwenye gauni lake la zamani. Wala hatukufikiri zaidi ya hapo.

Tulipakiwa mshikaki kwenye pikipiki moja: dereva, Skola katikati, mimi nyuma, jogoo kwapani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kila tukifika kilima dereva anasema, "Mama, shukeni kidogo," tunashuka, tunapanda kwa miguu, yeye anatusubiri juu akipiga mluzi. Skola akamwambia, "Bro, sisi tumekukodi wewe au tunakusindikiza?" Dereva akasema vyote viwili.

Njiani kila tuliyemsalimia "mwakeye" alimtazama jogoo kabla ya kuitikia. Niliona, lakini nilidhani wanamsifia ukubwa wake.

Kibondo hadi kwenye tope

Pale Kibondo tulipata Fuso lililobeba saruji kwenda Kasulu. Dereva aliitwa Shabani, mtu mpole mwenye kofia ya kufuma. Alituambia tunaondoka sasa hivi. Kisha akaenda kutafuta springi. Tulikula kwa mama ntilie bugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa mawese, tukalala kidogo juu ya benchi, tukaamka, tukala tena, ndipo springi ikaja.

Abiria tulikaa juu ya mifuko ya saruji, chini ya turubai. Hapo ndipo tulipoanza kuwajua wawili niliowataja. Mama Zawadi alikuwa mnene, mchangamfu, na mzigo wake wa vitenge ulikuwa umefungwa pamoja na sufuria kubwa na dumu la mawese. Alikuwa anakwenda Kagerankanda kununua maharage. Nesi Mwanaidi alikuwa mwembamba, na boksi lake la dawa lilikuwa limefungwa vizuri kuliko mtoto mchanga. Alikuwa anarudi zahanati alikopangiwa kazi, mbele ya Kagerankanda.

Jambo la ajabu ni kwamba gari lilijaa lakini sisi tulikaa kwa nafasi. Watu walibanana upande mmoja kama wanaota moto. Upande wetu Skola aliweza kunyoosha miguu.

"Dada," akaninong'oneza, "usiseme kitu. Wanadhani tunampeleka jogoo kwa mganga."

"Nani kasema?"

"Yule baba wa koti. Amesema jogoo mweupe, kitambaa chekundu, wanawake wawili, wana haraka. Anasema hiyo ni kafara ya mtu mzima."

Nilitaka kusimama nieleze. Skola akanivuta. "Acha, tukifika Kasulu utaeleza. Tumepata siti ya wakubwa, usituzingue."

Basi nikanyamaza, na hilo likawa kosa, kwa sababu kabla ya kufika Makere Fuso likazama. Lilizama taratibu, matairi ya nyuma kwanza, kama ng'ombe anayelala. Shabani akashuka, akatazama, akavua viatu. Wanaume wakashuka na majembe. Walichimba, wakaweka matawi, wakasukuma, tope likazidi kuvuta. Saa za mchana zikaisha, za jioni zikaanza.

Baba wa koti akajifuta jasho, akasema kwa sauti ya watu wote, "Gari hili halitoki mpaka mwenye mzigo wake aseme."

Wote walitazama kwapa langu.

"Sema wewe, yaya," Mama Zawadi akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambako dada ni yaya. "Hapa iko probleme. Batu banaogopa kuku yako."

Nikasimama. "Jamani, huyu jogoo ni wa mchuzi. Nampelekea mdogo wangu Pasaka. Sina mganga, sina mgonjwa, sina adui."

"Na kitambaa chekundu?" akauliza baba wa koti.

"Ni gauni langu," akasema Skola. "Ukitaka nitakuonyesha lilipokatika, ila liko nyumbani kwa Dada, tunalipigia deki."

Watu wakacheka kidogo, lakini hawakusogea. Nesi Mwanaidi ndiye aliyeniuliza waziwazi, bila ubaya, "Lakini dada, nyinyi Wakristo hamtoi kafara kabisa? Hata ya kuku?"

"Ilishatolewa," nikasema. "Alitolewa Mmoja, mara moja, kwa ajili ya wote. Hatuongezi kuku juu yake."

"Kwa hiyo huyu ni wa kuliwa."

"Ni wa kuliwa."

"Basi tumle," akasema nesi. "Mimi tangu Kibondo nina njaa. Nikishiba nitaamini."

Baba wa koti akasema kafara hailiwi na abiria. Skola akamjibu, "Ndiyo maana tutamla, ili ujue siyo." Nilimtazama jogoo. Nilikuwa nimembeba kwa ajili ya Onesmo, na sasa sikuwa na kitu kingine cha kumpelekea. Lakini watu walikuwa wamesukuma gari tangu mchana, na walikuwa wananiogopa. Nikampa Shabani, kwa sababu ni Muislamu na akichinja yeye kila mtu atakula. Shabani akanawa mikono kwa maji ya dumu, akaelekea kibla, akachinja. Mama Zawadi akafungua mzigo wake, sufuria ikatoka, mawese yakatoka. Mama mmoja akatoa viazi, mwingine akatoa chumvi. Baba wa koti alisema hatakula. Alisimama mbali mpaka harufu ilipomfikia.

"Nipe supu tu," akasema.

Nesi akamkabidhi paja. Akala paja, akarudi kuomba shingo.

Kuhusu gari: walipokuwa wanakula lilikuja trekta kutoka mbele, likatuvuta. Baba wa koti akatangaza kwamba unaona, kafara imefanya kazi. Nikachoka kueleza.

Kasulu hadi Kagerankanda

Tulilala Kasulu kwa shoga yake Mama Zawadi. Asubuhi tulikosa gari kwa sababu Skola alikwenda sokoni kuchaji simu akakuta watu wanatazama mpira wa marudio kwenye kibanda. Nilipomkuta aliniambia alikuwa anasubiri dakika za nyongeza.

Tukapata trela la trekta linalopeleka mbegu. Tulipanda wanne: mimi, Skola, Mama Zawadi na Nesi Mwanaidi, maana pikipiki ya zahanati iliyokuwa imfuate nesi haikuja. Trela halina springi hata za kutafuta. Ukitaka kusema neno unasubiri barabara iwe laini, unasema haraka, kisha unafunga mdomo usijing'ate ulimi.

Nikawaeleza ninakokwenda na kwa nini. Nesi alisikiliza, akishikilia boksi lake.

"Ngoja nielewe," akasema. "Sisi Idi tunachinja. Mwenye nacho anachinja, anawagawia wasio nacho. Mimi nachinja, mimi natoa. Nyinyi hamchinji."

"Hatuchinji. Tulichinjiwa."

Trela likaruka, sote tukanyamaza. Lilipotulia akasema, "Mlichinjiwa. Na huyo mdogo wako hataki kuchinjiwa."

"Anataka. Ila anasema mimi nilitangulia kuchinjiwa kwa ajili yake."

"Ni kweli?"

Niliwaza sana kabla ya kumjibu, na barabara ilinipa muda. "Si kweli. Mimi sikuulizwa. Baba na mama walifariki, nikajikuta mimi ndiye mkubwa. Ningeulizwa, labda ningesema mpeni mwingine. Nililima huku nanung'unika. Wiki nyingine nilikuwa nawachapa kwa sababu ya uchovu wangu tu. Yesu aliulizwa, akakubali, na hakunung'unika. Huwezi kutuweka pamoja."

"Mwambie hivyo hivyo," akasema Mama Zawadi.

"Nimeshamwambia kwenye simu. Anasema ninajishusha."

"Basi iko na kichwa nguvu kama dada yake," akasema, akatoa mfuko wa mandazi, akatugawia. Mimi nikafungua pindo la kanga kutafuta cha kumpa. Akanipiga kofi mkononi. "Wee. Unalipa mandazi? Kula."

Skola akacheka mpaka akapaliwa. Sikuelewa anacheka nini. Aliniambia baadaye kwamba familia yetu nzima ina ugonjwa huo, siyo Onesmo peke yake.

Nyumbani kwa Onesmo

Onesmo alitupokea vizuri mno. Hilo ndilo lililoniumiza. Alinitua mzigo kwa mikono miwili, akaniletea kiti, maji ya kunawa, kitambaa cha kukaushia. Alinihudumia kama diwani aliyekuja kukagua mashamba. Alikuwa amekonda, mikono imekuwa migumu, nyumba yake safi lakini tupu. Kitanda, jembe, sufuria. Skola alimrukia shingoni, naye akacheka kidogo, kisha akanitazama mimi akarudisha uso wake wa adabu.

Nikamwambia, "Nilikuletea jogoo. Ameliwa njiani."

"Hakuna shida, Dada."

"Watu walidhani ni wa mganga."

Zamani angecheka mpaka akae chini. Sasa alisema, "Poleni sana na safari," akaenda kuchochea moto. Alitupakulia maharage na ugali, akasimama pembeni hadi tumalize. Nikasema, "Kaa tule." Akasema ameshakula. Lakini sufuria aliyotupakulia ilikuwa haijaguswa, hakuna aliyekuwa amekula.

"Onesmo," nikasema, "kesho unaingia majini?"

"Kesho naingia. Ila kuna jambo litatangulia. Utaona, Dada. Kesho tutakuwa sawa."

Alisema "tutakuwa sawa" kama mtu anayefunga mlango. Sikupenda, lakini nilikuwa nimechoka na trela.

Kijitoni

Vijana walikuwa wameziba kijito kwa mawe na magunia ya udongo, maji yakajaa mpaka kiunoni. Waumini waliimba. Nesi Mwanaidi alipita na pikipiki iliyokuja hatimaye kumchukua, akamwambia dereva asubiri kidogo, aone huyo mdogo mwenye madeni. Mama Zawadi alikaa juu ya gunia lake la maharage.

Onesmo alitokea nyuma ya miti na joho lake fupi, akivuta kamba. Kwenye kamba palikuwa na mtamba, mwekundu, mwenye doa jeupe begani, mnene, anayetembea kwa madaha. Watu waliacha kuimba mmoja mmoja.

Alikuja hadi mbele yangu. "Dada," akasema, "miaka mitatu nimelima maharage kwa ajili ya huyu. Ndiyo sababu sikuja nyumbani, sikutaka kuja bila kitu. Uliacha shule kwa ajili yangu. Leo nakulipa mbele ya mashahidi. Ukishika kamba hii, sina deni nawe. Nitaingia majini nikiwa na deni moja tu, la Bwana."

Akaninyooshea kamba. Wanawake wengine walianza kulia. Skola alikuwa ameziba mdomo. Nilitazama ile mikono yake na kuona maharage yote aliyoyapalilia peke yake, na Krismasi tatu. Nikashika kamba, maana ningefanya nini? Kumkataa mbele ya watu kungemuua.

Nilipoishika tu, Mzee Bigirimana akapiga makofi mara mbili, taratibu, kama wafanyavyo wazee wa ng'ombe. Mzee huyu alikuja zamani kutoka Burundi, sasa ni raia na ana zizi kubwa kuliko wote pale. Onesmo alikuwa amemnunua mtamba kwake.

"Ego," akasema, yaani ndiyo. "Nimeona. Umemgabira dada yako. Vizuri sana, mwana wanje." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mama, utamwitura lini?"

Wazee wote pale wakatikisa vichwa kwamba ni swali zuri.

Kwa wasiojua: kwetu Waha, na kwa Warundi vilevile, ng'ombe akitolewa kwa kamba mbele ya watu huwa amegabiriwa, siyo amelipwa. Anayepokea anakuwa na deni la heshima. Ng'ombe akizaa, anamrudishia ndama yule aliyempa, na huko ndiko kwitura. Baba yetu alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo, namkumbuka. Onesmo alikuwa mdogo sana. Yeye alijua tu kwamba ng'ombe ni kitu kikubwa kuliko vyote, akadhani basi ndiye malipo makubwa kuliko yote.

"Hapana, mzee," Onesmo akasema. "Hamwituri mtu. Mimi ndiye ninayelipa."

"Ungetaka kulipa ungeleta maharage," akasema Mzee Bigirimana. "Hapa umeleta ng'ombe."

"Kwa mwanamke ni tofauti," akasema mzee mwingine. "Mwanamke anaitura jike la pili."

"Nani kakuambia? Ni la kwanza, akiwa jike."

"Na akizaa dume?"

"Anasubiri."

Walianza kubishana kwa Kiha na Kirundi, haraka haraka. Mchungaji Mwaisaka, aliyekuwa amesimama majini na joho lake tangu mwanzo, hakuelewa hata neno moja. Aliona wazee wanainuliana fimbo juu ya ng'ombe, akafumba macho akaanza kuomba roho ya ugomvi itoke. Mama Zawadi akamwambia, "Pasta, hakuna vita. Banahesabia ndama."

Onesmo alikuwa anatazama huku na huku. "Kwa hiyo sijalipa?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa zamani.

Hapo akili yangu ikafunguka, nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia. "Hujalipa. Umenipa deni mimi. Huyu akizaa, ndama ni wako."

"Sitaki ndama."

"Nitakuletea kwa kamba, mbele ya mashahidi. Na ukimpokea utakuwa umegabiriwa tena, utanidai na nitakudai. Tutakwenda hivyo mpaka tuzeeke. Hatutamaliza, Onesmo."

"Lakini mimi nilitaka kumaliza."

"Najua. Mzee," nikamgeukia Bigirimana, "wewe aliyekugabira ng'ombe wa kwanza, umeshamaliza naye?"

"Yampaye inka," akasema, akiinua mkono. Hicho ni kiapo cha watu wake. Wanaapa kwa yule aliyewapa ng'ombe. "Alikufa kabla hatujavuka mpaka. Nilimwitura mara mbili. Bado naapa kwa yeye kila siku. Kumaliza ni kufanya nini? Mtu aliyekupa ng'ombe hamalizwi."

Onesmo alikaa chini kwenye majani, na joho lake jeupe.

Nikachuchumaa karibu naye, kamba bado mkononi. "Sikiliza. Mimi sikukufia. Nilikulea kwa sababu ulikuwepo na mimi nilikuwa mkubwa, na nilinung'unika. Hata hivyo huwezi kunimaliza. Umeona mwenyewe, mtamba mzima hakutosha. Sasa ikiwa malezi yangu ya kunung'unika huwezi kuyalipa, damu ya Mwana wa Mungu utailipa kwa gunia gani la maharage? Ingia na madeni yako. Wote tuliingia nayo."

Alifuta uso kwa kiwiko. Kisha akasema, polepole, "Miaka mitatu, Dada."

"Miaka mitatu. Na mimi nakutafuta."

"Ng'ombe nimemlisha mpaka majani ya uani."

"Naona. Amenona kuliko wewe."

Akacheka. Alicheka kama zamani, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, na Skola akaja akamwangukia juu, wakawa wanacheka na kulia pamoja na tope likashika joho. Wazee walikuwa wameshakubaliana kwamba ni jike la kwanza.

Mchungaji akasema kutoka majini, "Samahani, ndugu zangu. Anaingia au haingii? Miguu yangu haina habari tena."

"Anaingia," nikasema.

Akaingia. Alikuwa mrefu, mchungaji mfupi. Kuzama alizama, kuinuka ilibidi vijana wawili wasaidie. Alipotoka, watu wakaimba, na Nesi Mwanaidi akanishika mkono kabla ya kupanda pikipiki yake. "Mimi sijabadilika, unajua," akasema. "Lakini leo nimewaelewa." Nikamwambia inatosha kabisa.

Jioni Onesmo alipakua ugali. Hakusimama pembeni. Alikaa kati yangu na Skola, akala kwenye sinia moja nasi, akamega nyama yangu bila kuomba, kama alivyokuwa akifanya zamani.

Kurudi

Kurudi na ng'ombe ni safari nyingine, nitafupisha. Onesmo alitusindikiza kwa miguu hadi Kasulu, mtamba mbele. Pale tulimkuta Shabani anapakia. Alimtazama mtamba, akanitazama mimi. "Mama, safari hii umekuja na kubwa zaidi," akasema. "Huyu naye tukizama tunakula?" Nikamwambia huyu ana mwenyewe.

Wakati wa kuvuna mahindi Onesmo alikuja Kumsenga. Hakupiga simu. Alikuja mikono mitupu kabisa, hata mkate hakununua, akaingia jikoni, akafunua sufuria akauliza tumepika nini. Skola alimtukana kwa furaha. Alikaa wiki nzima, akaezeka choo.

Mtamba yuko nyuma ya nyumba. Dume la jirani limeshampanda, na jirani anasema ameshika mimba. Mimi namtazama tumbo kila asubuhi na bado sijaona kitu. Inawezekana akazaa dume, na wazee walisema akizaliwa dume nisubiri. Onesmo kila akipiga simu anauliza hali ya ng'ombe kabla ya kuuliza hali yangu. Namwambia asiwe na haraka. Ndama wake bado nadaiwa.